Mhami, mji mkubwa na swali la "wewe ni wa ekipe gani?"

Mwezi wa pili 2025, siku Bukavu ilipoanguka na hofu ikashuka kwenye bonde la Ruzizi, maelfu ya watu walivuka mto na kuingia Burundi. Wengi wao walipokelewa Rugombo, katika jimbo la Cibitoke.  Walipelekwa kwenye uwanja wa mpira. Pahali palipojengwa kwa ajili ya mechi pakawa pahali pa kulala, pa kupikia na pa kungojea chakula, mvua ikinyesha juu ya wote. Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka uleule vita ikafika Uvira kwenyewe, na familia zingine zikashika njia ya Burundi.

Kwa wengi, huo ndio ulikuwa uwanja wa kwanza wa ugenini waliokanyaga. Wengine walibaki kwenye makambi. Wengine walisonga mbele, ndugu akimwita ndugu, mpaka Bujumbura, Lubumbashi ama Dar es Salaam. Huko mjini mtu hupambana kwanza na kodi ya nyumba, bei ya unga na karatasi za kuishi. Halafu siku moja, kinyozini ama mbele ya kaduka, jirani anamgeukia na kumuuliza: "Kaka, wewe ni wa ekipe gani?"

Swali linaonekana dogo, lakini mhami anaweza kulisikia kwa namna mbili. Anaweza kusikia anaalikwa kukaa. Anaweza pia kusikia anaambiwa asahau kwao. Ndiyo maana wazazi wengine hukasirika wanapomuona mtoto amevaa jezi ya timu ya mji wa watu. Historia ya timu zenyewe inasaidia kulijibu swali hili, kwa sababu ukichimba mizizi ya timu kubwa za miji hiyo mitatu, unakuta karibu kila pahali watu waliotoka mbali.

Bujumbura, taa za ng'ambo

Usiku, mtu akisimama kando ya ziwa Uvira, anaona taa za Bujumbura. Kwa barabara ya Kavimvira na Gatumba haifiki kilometa 30. Kwa hiyo mkaaji wa Uvira hajawahi kuwa mgeni kamili mjini humo.

Wabeljiji walipochukua Urundi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliifanya Usumbura, jina la zamani la Bujumbura, kuwa makao ya utawala wa Ruanda-Urundi. Mji ulihitaji wachukuzi, mafundi, makarani na wachuuzi. Wengi walitoka pande za Kongo na za Tanganyika: Manyema, Uvira, Fizi, Ujiji. Walipangiwa kukaa katika mitaa iliyoitwa ya Waswahili, na mpaka leo Buyenzi na Bwiza ndiyo mitaa ambamo Kiswahili kinasikika mlango kwa mlango. Wazee bado wanakumbuka kwamba Bwiza iliitwa "Belge". Buyenzi inajulikana kwa mafundi wa magari na kwa vijana wa mpira.

Timu yenye jina kubwa zaidi Burundi ni Vital'O, wenye rangi ya zambarau na nyeupe. Mwaka 1992 ilifika fainali ya Kombe la Afrika la Washindi wa Makombe, ikashindwa na Africa Sports ya Abidjan. Hakuna timu ya Burundi iliyokuwa imepanda mpaka hapo. Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi 1993, rais Melchior Ndadaye aliuawa na nchi ikaingia katika vita ndefu. Mitaa mingi ya Bujumbura ikagawanyika kwa ukabila, watu wakahama usiku. Buyenzi ni kati ya mitaa michache iliyoendelea kukaa na watu wa kila aina. Watoto wa pale waliendelea kucheza pamoja wakati ambapo kwingine kuvuka barabara moja kulikuwa ni kuhatarisha maisha.

Mwaka 2013 Vital'O walikwenda Darfur, nchini Sudan, wakatwaa Kombe la Kagame kwa kuwafunga APR ya Rwanda 2-0 katika fainali. Mshambuliaji wao Amissi Tambwe aling'ara sana katika mashindano hayo. Muda mfupi baadaye alisajiliwa na Simba ya Dar es Salaam, halafu akahamia kwa wapinzani wao Yanga, na pande zote mbili alifunga magoli mengi. Njia aliyopita, kutoka mwambao huu wa kaskazini mpaka bahari ya Hindi, ni ya zamani sana. Wafanyabiashara, mabaharia na wakimbizi waliipita kabla yake.

Lubumbashi, timu za kanisa na za reli

Njia ya pili inashuka kusini. Kwa miaka mingi mtu aliyetafuta kazi alipanda boti bandarini Kalundu mpaka Kalemie, mji ulioitwa Albertville. Kutoka Kalemie reli inakwenda Kabalo tangu 1915, na mwaka 1956 Kabalo ikaunganishwa na reli ya Katanga. Mwisho wa njia ni Lubumbashi.

Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba. Union Minière ilihitaji mikono mingi, na watu wa pale hawakutosha. Wafanyakazi waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Lomami, hata Ruanda-Urundi. Kila mmoja alikuja na lugha yake, na Kiswahili ndicho kikawa lugha ya kuelewana kazini na mitaani. Mtu wa Uvira anayefika leo anashangaa maneno mawili matatu, lakini hapotei.

Timu mbili kubwa za mji zilizaliwa mwaka mmoja, 1939. Ya kwanza ilianzishwa na mapadri Wabenedikto kwa ajili ya wanafunzi wao, ikaitwa Saint-Georges. Baadaye iliitwa Saint-Paul, halafu Englebert, kwa jina la kampuni ya Ubeljiji iliyotengeneza matairi. Baada ya kumaliza msimu bila kushindwa ikaongezewa "Tout Puissant", maana yake mwenye uwezo wote. Hiyo ndiyo TP Mazembe ya leo. Ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, ikangoja zaidi ya miaka 40, ikautwaa tena 2009, 2010 na 2015. Mwezi wa kumi na mbili 2010, Abu Dhabi, iliwafunga Internacional ya Brazili 2-0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la klabu. Inter ya Milano iliwafunga 3-0 katika fainali, lakini kipa Kidiaba akirukaruka kwa makalio uwanjani alikuwa tayari amejulikana dunia nzima.

Timu ya pili ni Saint-Éloi Lupopo, wenye rangi ya buluu na manjano. Mtakatifu Eligius, ambaye Wafaransa humwita Éloi, ni msimamizi wa mafundi wa chuma, na mashabiki wa Lupopo mpaka leo wanaitwa "Cheminots", watu wa reli. Zamani baba aliyefanya kazi kwenye reli alikuwa Lupopo, na watoto wake walizaliwa Lupopo.

Basi timu moja ilitoka shuleni kwa wamisionari na nyingine ikashikamana na wafanyakazi wa reli. Hazikuanzishwa na ukoo fulani wala na machifu wa zamani. Watu waliokuja mjini kutafuta maisha ndio walioziunda na kuzijaza.

Lakini ukweli wote usemwe. Kushabikia timu moja hakukuwalinda watu siku siasa ilipochafuka. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Katanga, zaidi Likasi na Kolwezi, hata wale ambao babu zao walichimba shaba hiyo. Walikuwa wameshangilia viwanjani pamoja na majirani waliowageuka. Mhami anayefika Lubumbashi ajue pia kwamba Mazembe inaongozwa tangu 1997 na Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga na ni mwanasiasa mkubwa, na kwamba Lupopo nayo imewahi kuongozwa na Jacques Kyabula alipokuwa gavana wa Haut-Katanga. Jezi inaweza kusomwa na wengine kama kadi ya chama, hata kama aliyeivaa anapenda mpira tu. Mgeni mwenye busara husikiliza mtaa kwanza, halafu ndipo huvaa.

Dar es Salaam, Simba ama Yanga

Njia ya tatu inavuka ziwa. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Tangu 1921 Wabeljiji walikuwa na sehemu yao bandarini Kigoma na Dar es Salaam, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite. Njia ya mizigo ikawa pia njia ya watu.

Huko Dar es Salaam waliofika kutoka bara walijazana Kariakoo. Jina hilo lenyewe linatokana na kikosi cha wachukuzi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, vijana waliobebeshwa mizigo mbali na kwao. Hapo ndipo mwaka 1935 ilizaliwa Young Africans, yaani Yanga. Mwaka 1936 baadhi ya vijana walijitenga wakaanzisha timu yao, ambayo baadaye iliitwa Sunderland, jina la mji wa Uingereza. Mwaka 1971, wakati majina ya kikoloni yalikuwa yanatupwa, Sunderland ikawa Simba. Mwaka huohuo Kongo nayo ikabadilishwa jina na kuitwa Zaire.

Makao ya Yanga yako Jangwani, ya Simba yako mtaa wa Msimbazi, na kutoka pamoja mpaka pengine ni mwendo wa miguu. Ni watoto wa nyumba moja waliogombana, na ugomvi huo umegawa nchi nzima. Mwaka 1968 Yanga iliwafunga wenzao 5-0. Mwaka 1977 Simba walijibu kwa 6-0, na Abdallah Kibadeni peke yake alifunga magoli matatu. Waliozaliwa baadaye wanazitaja hesabu hizo kama deni la familia.

Kwa mgeni, Dar es Salaam ndio mji mgumu zaidi kukaa bila jibu. Ukisema huna timu, watu wanadhani unaficha. Ukijibu, umepata nusu ya mtaa kuwa ndugu na nusu kuwa watani. Timu hizi zina matawi mitaani, ambapo wanachama hukutana, huchangishana safari za mechi na hufika kwenye misiba ya wenzao. Kwa mtu aliyeacha ukoo wake Uvira, watu wa kusimama naye kaburini si jambo dogo.

Wakongo pande zote mbili

Mhami wa Kivu anapojiuliza kama timu hizi zinamhusu, aangalie uwanjani. Fiston Mayele alitoka AS Vita Club ya Kinshasa mwaka 2021, akajiunga na Yanga, na mwaka 2023 aliwafikisha fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Katika ligi ya msimu wa 2022/23 alimaliza na magoli 17. Aliyelingana naye kwa magoli hayohayo alikuwa Saido Ntibazonkiza wa Burundi, aliyemaliza msimu akiwa Simba. Mkongo na Mrundi, watoto wa nchi mbili zinazotazamana kwenye ziwa hili, ndio waliogawana kiatu cha ligi ya Tanzania.

Tarehe 16, mwezi wa nne 2023, Simba iliwafunga Yanga 2-0. Goli la kwanza lilitoka kwa beki Henock Inonga, Mkongo aliyekuja kutoka Daring Club Motema Pembe ya Kinshasa. La pili lilifungwa na Kibu Denis. Miezi saba baadaye, tarehe 5, mwezi wa kumi na moja, Yanga wakalipiza 5-1. Magoli mawili yalifungwa na Maxi Nzengeli, aliyetoka Maniema Union ya Kindu. Goli moja la Simba lilifungwa na huyohuyo Kibu Denis.

Jina la Kibu lina uzito kwa watu wa mwambao huu. Mwezi wa kumi 1996 vita ilianza pande za Uvira, na watu wengi wa Uvira na Fizi walivuka ziwa kwa mitumbwi na maboti mpaka Kigoma. Mwezi uliofuata kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa, wilaya ya Kasulu. Kibu Denis ametoka katika familia za wakimbizi wa Kongo waliolelewa upande ule. Alicheza mpira mpaka ligi kuu, na mwaka 2021 serikali ya Tanzania ikampa uraia, akaingia timu ya taifa. Siku alipowafunga Yanga, nusu ya Dar es Salaam iliimba jina la mtoto wa wakimbizi, na nusu nyingine ililala na njaa kwa hasira.

Wengine walipita njia iliyorudi nyumbani. Shabani Nonda alizaliwa Bujumbura mwaka 1977. Aliichezea Yanga akiwa kijana mdogo, akaenda Afrika ya Kusini, halafu Ulaya. Mwaka 2004 alikuwa Monaco: aliingia kama mbadala katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa akawafunga Chelsea, na fainali pia aliingia. Siku ya kuchagua taifa, alichagua Kongo. Mji aliozaliwa, mji uliomlea kimpira na nchi aliyoivalia jezi ni vitu vitatu tofauti, na hakuna kilichofuta kingine.

Jinsi watu wanavyochagua

Ukisikiliza wahami waliokaa miaka mingi ugenini, unaona hakuna anayechagua timu kwa kuhesabu makombe. Mmoja alifuata timu ya mwenye nyumba aliyemsubiri kodi miezi miwili. Mwingine alifuata timu ya fundi aliyemfundisha kazi. Wanawake wengine waliingia kwa sababu ya watoto, ambao walirudi shuleni wakilia kwamba wamechekwa kwa kutokuwa na timu. Wapo waliomfuata mchezaji wa kwao, na alipoondoka walikuwa wamekwisha kuizoea rangi. Kwa kifupi, walichagua watu kwanza, na timu ikafuata.

Wazee wana neno: mgeni njoo, mwenyeji apone. Timu za miji mikubwa ni ushahidi wa neno hilo. Bila watu wa Buyenzi, bila wafanyakazi wa reli, bila wakaaji wa Kariakoo, hakuna ambaye angejaza viwanja vile. Mtoto wa Uvira anayevaa jezi Dar es Salaam ama Bujumbura haazimi kitu cha wenyewe. Anaingia mlango ambao watu kama yeye walisaidia kuujenga.

Hofu ya wazazi kwamba mtoto atasahau nayo isidharauliwe. Lakini kumbukumbu ya kwao haikai katika jezi. Inakaa katika lugha inayosemwa nyumbani, katika majina ya mito ya Mulongwe na Kalimabenge, katika habari za babu zinazosimuliwa jioni. Nyumba inayosema mambo hayo inaweza kushangilia timu yoyote na mtoto bado akajua alikotoka.

Kuanzia mwaka 2005 wakimbizi wengi wa Tanzania walianza kurudi kwa meli kupitia Baraka, na wengine wakafika mpaka Uvira. Walirudi na masufuria, mabati na watoto waliozaliwa kambini. Walirudi pia na Simba na Yanga. Leo siku ya mechi ya watani, kando ya ziwa upande wa Kongo, redio na simu zinafunguliwa na watu wanagawanyika makundi mawili kama vile wako Kariakoo.

Tarehe 24, mwezi wa kwanza 2024, Kongo na Tanzania zilikutana Korhogo, Côte d'Ivoire, katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Katika nyumba nyingi za wahami hakukuwa na jibu rahisi siku ile: baba Kongo, mtoto Tanzania, mama anaomba tu pasiwe na ugomvi mezani. Mechi iliisha 0-0. Mama alipata alichoomba.